Inashika au haishiki? Kiswahili cha kupimia sumaku katika inoksi

Hapa Lubumbashi, mama anayeuza sufuria katika soko la Kenya hahitaji cheti cha kiwanda. Anachukua kipande cha sumaku kilichotolewa katika spika mbovu, anakigusisha chini ya sufuria, halafu anatoa hukumu. Sumaku ikianguka: "Haishiki, hii ni inoksi." Ikibaki: "Inashika, hii si inoksi." Kitenzi ni kimoja, kauli ni mbili, na katikati hakuna nafasi ya jibu la tatu.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba jibu la tatu lipo, kwamba vipo vifaa vya kubeba mkononi vinavyolipima, na kwamba kila kifaa kinauliza swali lake na kwa hiyo kinadai sentensi yake. Mimi ni mwanafunzi wa lugha za Kiafrika. Habari za vyuma nimezikuta njiani, nilipokuwa nikikusanya istilahi za karakana kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Lakini anayekusanya maneno ya mafundi bila kuelewa kazi inayofanywa na maneno hayo anarudi nyumbani na orodha tu.

Katika kukusanya huko nilikutana na fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mzima, aliyekuwa ametengeneza tangi la maji ya matunda kwa bati la inoksi aina ya 304. Risiti ya bati alikuwa nayo. Siku ya kukabidhi, kijana aliyetumwa na mteja alikuja na sumaku mfukoni. Ubavuni mwa tangi sumaku ilianguka. Kwenye ukingo uliokunjwa ilibaki, na kwenye mshono wa kuchomelea ilibaki pia.

"Papa, umetuchanganyia vyuma."

"Mwanangu, bati ni moja. Nimelikata mimi mwenyewe, hapa hapa."

Malipo yakasimama. Mtaani ikasemwa kwamba fundi anauza bandia. Nilipowasikiliza wote wawili, niliona kwamba kila mmoja anasema kweli, na kwamba kitenzi ndicho kinachowagombanisha.

Tukitazame basi kitenzi hicho. Tunasema sumaku inashika chuma. Tunasema pia chuma kinashika kutu. Inoksi ya sufuria haishiki kutu, na sumaku haiishiki. Msemaji akiacha kutaja kinachoshika na kinachoshikwa, kama watu wanavyofanya kila siku sokoni, zinabaki "inashika" na "haishiki", na sifa mbili zisizohusiana zinavaa nguo moja. "Haishiki" ya kutu inathibitishwa na "haishiki" ya sumaku. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyoanzisha imani hiyo, kwa maana watu wa lugha nyingine nao wanajaribu inoksi kwa sumaku. Nasema tu kwamba kwa Kiswahili imani hiyo inateleza vizuri mno mdomoni.

Jambo lingine ni la nyakati za tendo. "Kushika" ni tendo linalofika mwisho wake: limetokea au halikutokea. "Kuvuta" ni tendo lenye kadiri: mtu anavuta kidogo, anavuta sana, anavuta kwa shida. Sumaku iliyofungwa kwenye uzi inaweza kuvutwa na ukingo wa bati bila kushikana nao. Mwalimu anayetaka kuwafundisha vijana wa karakana aanzie hapo, kwa kuwabadilishia kitenzi kabla ya kuwapa kifaa. Jaribio lake halina gharama. Funga sumaku ndogo yenye nguvu kwenye uzi, iache ining'inie, halafu ilete taratibu karibu na sinki la jikoni la inoksi: kwanza sehemu bapa ya juu, kisha kona ya beseni ambako bati limevutwa na mashine hadi likakaa umbo. Katika masinki mengi ya 304 uzi utabaki wima kwenye sehemu bapa na kupinda kwenye kona. Bati ni lile lile.

Kwa nini iwe hivyo? Kwanza jina. Kamusi zetu zinatoa "pua", "chuma cha pua" na "feleji" kwa chuma kigumu kwa jumla, lakini kwenye lebo za bidhaa "chuma cha pua" mara nyingi humaanisha kile tu kisichoshika kutu. Sisi huku Kongo tumechukua "inoksi" kutoka Kifaransa na tumeepuka mkanganyiko huo, kwa hiyo naendelea na inoksi bila kuomba radhi.

Inoksi ni chuma chenye kromu isiyopungua asilimia 10.5. Kromu inaungana na oksijeni na kutandaza juu ya chuma utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio unaozuia kutu. Sumaku haina kazi yoyote katika habari hiyo. Kinachoamua sumaku itavuta au la ni jinsi atomu zinavyojipanga ndani ya fuwele za chuma. Mpangilio unaoitwa osteniti karibu hauitikii sumaku kabisa. Mpangilio unaoitwa feriti unaitikia kwa nguvu. Nikeli ndiyo inayosaidia osteniti kudumu chuma kinapopoa. Aina ya 304 ina kromu karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8. Aina ya 316 ina nikeli zaidi, pamoja na molibdeni asilimia 2 hadi 3. Aina ya 430 ina kromu asilimia 16 hadi 18 na haitegemei nikeli. Hiyo ni feriti, nayo sumaku inaing'ang'ania. Ukitazama nyuma ya kijiko utaweza kukuta 18/10 au 18/0: namba ya kwanza ni kromu, ya pili ni nikeli. Kijiko cha 18/0 kinashikwa na sumaku, na ni inoksi halali.

Osteniti ya 304 lakini haina msimamo imara. Ukilikunja bati, ukiligonga, ukilivuta likiwa baridi, sehemu ya fuwele zake inageuka kuwa mpangilio mwingine, martensiti, nao unaitikia sumaku. Aina ya 316, kwa sababu ya nikeli yake, inavumilia zaidi. Mshono wa kuchomelea una sababu nyingine kabisa: watengenezaji wa vijiti vya kuchomelea huchagua mchanganyiko utakaoacha feriti kidogo ndani ya mshono, kwa makusudi, kwa maana mshono wa osteniti tupu hupasuka kirahisi unapoganda. Kwa hiyo ukingo na mshono wa yule fundi vilivuta sumaku kwa sababu mbili tofauti, na wala si kwa udanganyifu.

Yeye alijitetea bila kifaa chochote. Alichukua kipande cha bati kilichobaki, akakikunja mbele ya mteja, sumaku ikakaa kwenye mkunjo. Kisha akakipasha moto mpaka kikang'aa rangi ya machungwa, akakitumbukiza ndani ya maji, na sumaku ikaanguka. Kisayansi yuko sahihi: kwenye joto la karibu nyuzi 1050, likifuatwa na kupoa haraka, martensiti ya namna hiyo inarudi kuwa osteniti. Alilipwa. Nilipomwuliza aliyaitaje mabadiliko hayo, alijibu: "Chuma kilikasirika, nikakituliza." Sitaliweka hilo katika faharasa yangu, ingawa limenishinda kulisahau.

Sasa neno lenyewe la kipimo. Kadiri ambayo chuma kinauitikia uga wa sumaku Wafaransa wanaiita "perméabilité", na Waingereza wana neno la asili hiyo hiyo, kutoka kitenzi cha Kilatini cha kupita ndani ya kitu. Aliyeliunda kwa ajili ya sumaku ni William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, mwaka 1872. Oliver Heaviside akalitumia pamoja na istilahi zake mwenyewe mwaka 1885. Tukifuata njia yao, tunaangukia mzizi wa -penya, nao unatupa angalau majina matatu.

"Upenyevu" unafuata mfano wa usikivu na uvumilivu. Msikivu ndiye anayesikia, mvumilivu ndiye anayevumilia. Basi chenye upenyevu kingekuwa ndicho kinachopenya. Lakini katika habari yetu chuma hakipenyi, kinapenywa. "Upenyezaji" unatoka katika penyeza, na kitenzi hicho kina harufu ya mpakani, ya mtu anayepitisha bidhaa kwa kificho. Tena kinamfanya chuma kuwa mtendaji mwenye shughuli. "Upenyekaji" unatoka katika penyeka, sawa na usomekaji wa maandishi: ni sifa ya kitu kinachokubali kufanyiwa tendo. Kisarufi ndio unaofaa, na ndio ninaoupendekeza.

Sarufi ikitulia, maana bado inasumbua. Mwanafunzi akisikia upenyekaji anafikiri maji na kitambaa. Katika maji, tundu tupu linapitisha kuliko kitambaa chochote. Katika sumaku ni kinyume. Upenyekaji linganifu, unaoandikwa μr, unaeleza mara ngapi msongamano wa mistari ya sumaku ndani ya kitu unazidi ule ambao ungekuwepo katika ombwe kwa uga ule ule unaousukuma. Ombwe, yaani mahali pasipo na kitu, lina 1 kamili. Inoksi ya 304 iliyolainishwa kwa moto ina kati ya 1.00 na 1.02 hivi. Ikikunjwa kwa nguvu inaweza kuvuka 2 na kuendelea. Aina ya 430 inahesabiwa kwa mamia. Chuma "kinapenyeka" kuliko utupu! Hakuna mwanafunzi atakayekubali hilo kutoka kwenye mfano wa kitambaa, na ana haki.

Kwa hiyo naona tuanze somo na jina jingine, "mwitikio". Ukitoa 1 katika upenyekaji linganifu, kinachobaki ndicho mwitikio wa kitu chenyewe, na wanafizikia wanacho kama kipimo kamili chenye alama yake, χ. Bati lenye 1.005 lina mwitikio wa 0.005. Utupu una mwitikio wa sifuri, kama akili inavyotegemea, kwa maana hakuna wa kuitika. Faida nyingine ni kwamba mwitikio unaweza kuwa chini ya sifuri. Shaba yetu ya Katanga ina upenyekaji wa karibu 0.99999: inaitika kwa kujisogeza pembeni, kidogo sana. "Uvutikaji", ambao mwenzangu mmoja aliupendekeza, usingeweza kusema hivyo.

Tuje kwenye vifaa. Sumaku ya mkononi tumeshaiona. Lugha yake ni ndiyo na siyo.

Kifaa cha pili ndicho ninachokipenda zaidi, labda kwa sababu za mwanaisimu. Ni kisanduku kidogo kinachoenea kiganjani. Ndani yake kuna sumaku nyembamba iliyosawazishwa juu ya mhimili kama mzani. Upande mmoja wa sumaku unawekwa kipande cha kulinganishia ambacho upenyekaji wake unajulikana, tuseme 1.05, na sumaku inaegemea kwake. Upande wa pili unagusishwa kwenye chuma kinachopimwa. Ukikiondoa kifaa taratibu na sumaku ikakiacha kipande chake ili kukifuata chuma, basi chuma kimekizidi kipande. Isipotikisika, chuma kiko chini. Unabadilisha vipande, 1.02, 1.1, 1.2, hadi ukibane chuma katikati ya viwili. Hakina betri, hakina kioo cha namba, na shirika la viwango la Marekani ASTM linaeleza njia hii katika kiwango chake cha A342. Kisarufi, kifaa hiki kinajua jambo moja tu: "kuliko". Jibu lake sahihi si "upenyekaji ni 1.07" bali "unazidi 1.05, haufiki 1.1". Atakayeandika namba moja kutoka kifaa hiki ameongeza neno ambalo kifaa hakikulisema.

Cha tatu kina kichunguzi kama kalamu nene kilichounganishwa na kisanduku chenye kioo. Ndani ya kichunguzi kuna sumaku ya kudumu pamoja na vihisio vinavyopima uga. Kikigusishwa kwenye chuma, mwitikio wa chuma unaubadilisha uga huo, na mabadiliko yanageuzwa kuwa namba. Magnetoscop ya kampuni ya Foerster na Ferromaster ya Stefan Mayer, zote za Ujerumani, ni za jamii hii. Zinafanya kazi katika eneo jembamba, kati ya 1 na 2 hivi, na hilo ndilo eneo la ugomvi wa tangi letu. Kabla ya kupima, kichunguzi kinainuliwa hewani, mbali na vyuma vyote, kifundishwe sifuri yake. Kisha kinajaribiwa juu ya kipande chenye thamani inayojulikana.

Cha nne, Feritscope ya kampuni ya Fischer, kinafanana na cha tatu kwa sura lakini si ndugu yake. Kinatumia koili na uga unaobadilika-badilika, na hakisemi upenyekaji: kinasema asilimia ya feriti, au namba ya feriti kama inavyowekwa na kiwango cha ISO 8249 kwa mishono ya kuchomelea. Hapa msomaji awe macho. Kifaa kinahisi sumaku, kisha kinatafsiri. Kikiwekwa juu ya ukingo uliokunjwa kitahesabu martensiti kama kwamba ni feriti, kwa maana hakina njia ya kuzitofautisha. Ni mkalimani anayejua lugha moja na anayeitikia kila mgeni kwa lugha hiyo.

Vyote hivi vinapotoshwa na mambo yale yale. Rangi, uchafu au pengo dogo la hewa kati ya kichunguzi na chuma hushusha namba. Bati jembamba hushusha pia, kwa sababu uga unatoka upande wa pili na kukuta hewa. Ukingo na mpindo mkali huvuruga. Meza ya chuma chini ya bati inajipima yenyewe, na huo ndio mtego wa karakana zetu, kwa kuwa meza zote ni za chuma. Weka ubao mnene. Tena, upenyekaji wa martensiti na feriti hubadilika kulingana na nguvu ya uga unaotumika, ndiyo maana vifaa viwili vizima vinaweza kutoa namba mbili juu ya mkunjo ule ule bila yeyote kusema uongo.

Na kuna swali ambalo hakuna kifaa kati ya hivi kinacholijibu: bati hili litashika kutu? Zipo inoksi za kundi la 200, kama 201, ambazo sehemu ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi ili bei ishuke. Zikiwa hazijakunjwa, sumaku inaanguka, mama wa sokoni anatabasamu, na hata hivyo zinavumilia kutu kidogo kuliko 304. Kwa upande wa pili kuna dupleksi, nusu osteniti na nusu feriti kwa makadirio, inayoishika sumaku kwa nguvu na kustahimili kutu kuliko aina nyingi. Katika viwanda vya shaba, chuma kinachotumbukizwa katika asidi ili shaba ijijenge juu yake ni bamba la inoksi. Kwa kawaida ni 316L, lakini mabamba ya dupleksi nayo yanatumika. Mtunza ghala mwenye sumaku na kitenzi "kushika" angeyatupa mabamba hayo ya dupleksi kama bandia, na kuipokea 201 kwa mikono miwili. Anayetaka kujua madini yaliyomo apime madini yenyewe, ama kwa dawa ya kudondosha inayoonyesha molibdeni, ama kwa bunduki ya eksirei.

Kwa ajili ya faharasa nimewaandalia vijana wa karakana mistari ya kujaza, nayo naiweka hapa ili walimu na wenzangu waikosoe. Namba ni za mfano tu.

Kwa sumaku: "Sumaku ya mkononi inavutwa kwenye mkunjo, haivutwi kwenye sehemu bapa." Kitenzi ni vutwa, mahali pametajwa, na hakuna neno "bandia".

Kwa kisanduku cha mzani: "Upenyekaji kwenye mkunjo unazidi 1.2, haufiki 1.5."

Kwa kichunguzi: "Upenyekaji linganifu, sehemu bapa, 1.01, mkunjo, 1.34, unene wa bati milimita 2, kifaa fulani, chini, ubao."

Kwa Feritscope: "Mshono, namba ya feriti 6." Kwenye mkunjo mstari huu hauandikwi.

Linalobaki kunitatiza ni lile pengo dogo kati ya kichunguzi na chuma. Mafundi niliowasikia wanaliita "hewa" tu: "kuna hewa pale, bonyeza". Nimeandika "pengo la hewa", lakini kila nikisoma mstari huo kwa sauti, naona neno lao ni fupi na linaeleweka zaidi.